Utoto, ufalme, urafiki: Waingereza walipata wapi -hood, -dom na -ship?

Mwalimu wa Njombe

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule ya kata huku Njombe. Tumefika kwenye viambishi tamati, mada ambayo kitabu kinaimaliza kwa jedwali moja: kushoto kiambishi, kulia mfano, tumemaliza. Leo nimeandika ubaoni *childhood*, *kingdom*, *friendship* na *kindness*, nikawaambia watafsiri. Wakaleta utoto, ufalme, urafiki, upole. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi kote tumeweka u- tu. Wao kwa nini wana vinne? Na nitajuaje kwamba ni *friendship* na si *friendhood*?"

Sitaki kumjibu kwamba ndivyo walivyozoea wenyewe. Nataka nimwambie hivi viambishi vilitoka wapi na vilimaanisha nini. Najua humu kuna waliobobea kwenye lugha. Mwenye nafasi anisaidie, Jumatatu naingia tena darasa lile lile.

Mama Salha, Tanga

Mwanangu mwalimu, huyo binti mpongeze mbele ya wenzake. Jedwali la kitabu haliwezi kumjibu kwa sababu linaonyesha viambishi kana kwamba vilizaliwa viambishi, na hapo ndipo watoto wetu wanapopotezwa. U- yetu ni kiambishi tangu enzi za mababu wa Kibantu. Wenzetu wao walianza na maneno kamili, yenye maisha yake, ndipo yakaja kugandamana na maneno mengine.

Chukua *-hood*. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, kulikuwa na nomino *hād*. Maana yake ni hali, cheo, daraja la mtu katika jamii. Mtu akipewa upadri ameingia kwenye *hād* ya mapadri. *Cildhād* ni daraja la mtoto. Baadaye *hād* ikaacha kutumika peke yake, ikabaki imeshikamana na wenziwe. Kwa hiyo *motherhood*, *priesthood*, *childhood*, yote yanataja daraja ambalo mtu yumo. Hata *neighbourhood* ambalo leo tunalitafsiri mtaa, mwanzoni lilikuwa ujirani hasa, yaani jirani kumtendea jirani mwenzake inavyopasa. Maana ya mtaa ilikuja nyuma.

*-dom* ndiyo ninayoipenda, pengine kwa sababu ya kazi yangu. Nilifundisha kwanza, sasa nafasiri hati: vyeti, mikataba, na hukumu za mahakama. Basi *dōm* maana yake ilikuwa hukumu. Neno hilo bado liko hai ukilitafuta: ni *doom*, ambalo siku hizi ni maangamizi, lakini *doomsday* ni Siku ya Hukumu ile ile ya kwenye vitabu vya dini. Mwaka 1086 mfalme William alipomaliza kuorodheshewa ardhi, ng'ombe na vinu vya Uingereza, watu waliliita daftari lake Domesday, maana kilichoandikwa mle hakikatiwi rufaa. Kutoka hukumu, neno likatanuka likawa mamlaka ya mwenye kuhukumu, kisha eneo ambalo mamlaka hayo yanafika. Hapo ndipo unapata *kingdom*. *Wisdom* ukilivunja vipande unakuta mwenye busara na hukumu yake. Mwambie binti kwamba mwenye *freedom* kwa asili ni mwenye hadhi ya mtu huru mbele ya sheria, asiye mtumwa wa mtu, na ataona mara moja kwa nini neno hili lilichukua kiambishi cha mahakamani.

*-ship* wanafunzi wote duniani hudhani ni meli. Si meli. Kwa Kiingereza cha kale meli ilikuwa *scip*, na kiambishi kilikuwa *-scipe*, cha ukoo mmoja na kitenzi cha kuumba na neno la leo *shape*, yaani umbo. *Frēondscipe*: namna urafiki ulivyoumbika kati ya watu wawili. Waholanzi wana ndugu yake, *-schap*, na wachoraji wao walipotamba na picha za mashamba na mawingu, Waingereza waliazima jina la picha hizo mwishoni mwa karne ya 16: *landscape*. Kwa hiyo *-scape* na *-ship* ni kiambishi kimoja kilichoingia nyumba moja kwa milango miwili.

Sasa swali la *friendhood*. Hakuna kanuni ya maana inayolikataza. Ushahidi ni Kijerumani, ndugu wa damu wa Kiingereza. Utoto kwao ni *Kindheit*, na *-heit* ni pacha wa *-hood*. Urafiki ni *Freundschaft*, sawasawa na *friendship*. Lakini uhuru ni *Freiheit*: Mjerumani kaweka pacha wa *-hood* pale Mwingereza alipoweka *-dom*. Walirithi vitu vile vile, wakavigawa tofauti. Mwanafunzi hana budi kujifunza nomino hizi pamoja na mwisho wake, kama mgeni anavyojifunza ngeli zetu.

Ila mpe kitu cha kushika: *-ness* iko tofauti na wenzake watatu. Hiyo ndiyo inayokaribia u- yetu kwa uhuru wa kutumika. Akiwa na kivumishi, *kind*, *dark*, *weak*, *ready*, aweke *-ness* na mara nyingi atakuwa sahihi. Akiwa na nomino ya mtu, *friend*, *king*, *child*, *leader*, hapo akariri.

Tabibu wa Dodoma

Mama Salha, shikamoo. Mwalimu, nami niongeze kutoka wodini, maana hospitalini tunaishi na viambishi kutwa.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja na karatasi ya kijana wake aliyeanguka pikipiki. Ilikuwa imeandikwa *haematoma* ya paja. Mama analia, anasema mwanangu ana saratani, kuna mtu kamwambia neno likiishia na *-oma* ni kansa. Nikamketisha. Haematoma ni damu iliyovuja kwenye mishipa na kukusanyika ndani ya mwili, mara nyingi baada ya kuumia. *Haima* ni damu kwa Kigiriki, na *-oma* kwa Wagiriki ilikuwa ni mwisho wa kawaida wa nomino, yaani kitu kilichotokana na tendo au hali fulani. Ni kweli madaktari wa baadaye waliitumia sana kwa uvimbe, na *carcinoma*, *lymphoma*, *melanoma* ni saratani kweli. Lakini *lipoma* ni uvimbe wa mafuta usio saratani. Na hapa Dodoma nani hajui trakoma? Hiyo imetokana na neno la Kigiriki la kitu kinachokwaruza, maana ukigeuza kope la mgonjwa ndani unakuta vipele vigumu. Ni maambukizi ya bakteria, na dawa yake ipo. Yule mama aliondoka ameshika karatasi yake amenyamaza, na nilifurahi sana siku ile.

Kiambishi kingine ni *-itis*. Shuleni tulikariri kuwa ni uvimbe wenye joto na maumivu kutokana na mwili kupambana na kitu. Kwa kitabibu cha leo ni sahihi. Lakini kwa Kigiriki chenyewe *-itis* haikuwa na uvimbe wala maumivu. Ilikuwa ni mwisho wa kivumishi cha kike, kwa sababu neno la ugonjwa kwa Kigiriki, *nosos*, ni la jinsia ya kike. *Arthritis nosos*: ugonjwa wa viungo. Baadaye wakaacha kutamka *nosos*, kivumishi kikabaki peke yake kimebeba mzigo wote. Kwa hiyo hiyo *-itis* ilikuwa inafanya kazi ya "wa" kwenye ugonjwa wa viungo! *Hepatitis*, ya ini. *Meningitis*, ya utando wa ubongo. Ukiangalia sisi tulivyosema, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, tumefuata njia ile ile ya Wagiriki bila kuwaiga.

Na mwalimu, kama una wanafunzi wanaotaka uuguzi, wape hivi vitatu mapema kwa sababu vinachanganya hata wakubwa. *-tomy* ni kukata au kupasua tu, kutoka *tomē*. *-ectomy* ina *ek* ndani yake, yaani nje: kukata na kutoa, kama *appendicectomy* pale kidole tumbo kinapoondolewa. *-stomy* ni *stoma*, mdomo: unatengeneza tundu linalobaki wazi, kama *colostomy*, ambapo choo kinatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Herufi mbili tatu zikikosewa kwenye fomu ya upasuaji, unazungumzia mgonjwa mwingine kabisa.

Gooner wa Mikocheni

Nimefuata uzi kimya kimya, ila mmesahau viambishi tunavyovitamka kila Jumamosi. Majina ya timu!

Chester: Manchester, Leicester, Lancaster, Doncaster. Hilo ni *castra* la Kilatini, kambi ya jeshi. Warumi waliitawala Uingereza karibu miaka 400, wakajenga ngome, na Waingereza wa kale walipokuta kuta zao wakaita *ceaster*. Manchester palikuwa na ngome ya Kirumi iliyoitwa Mamucium. Kwa hiyo ukiona *-chester*, *-cester* au *-caster*, mara nyingi chini yake kuna mabaki ya Warumi.

Ham: Birmingham ni *hām*, makazi, ya watu wa Beorma. Nottingham ni ya watu wa bwana aliyeitwa Snot, zamani iliandikwa na S mbele, ikaja kudondoka baada ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, kufika. Ila msikimbilie kila ham: West Ham na Fulham ni *hamm*, neno lingine, ardhi iliyozungukwa na mto au kinamasi. Angalieni ramani ya London, zote mbili ziko pembeni ya maji.

Ton ni *tūn*, shamba lililozungushiwa uzio, ndiyo baba wa *town*. Preston ni *tūn* ya mapadri. Everton inaanza na *eofor*, nguruwe mwitu. Ford ni kivuko cha mto unapovuka kwa miguu: Watford, Brentford, Bradford. Na *-by* ni kijiji kwa lugha ya Waviking: Derby, Grimsby. Ukizichora hizo *-by* kwenye ramani zinajaa mashariki na kaskazini, kule Waviking hao kutoka Denmark walikoteka York mwaka 866 na kukaa. Kusini huzioni sana.

Sisi pia tuna mchezo huu. Mikocheni ninakokaa ni penye mikoche. Mbuyuni, Magomeni. Ile *-ni* ni kiambishi tamati kabisa, na kinafanya kazi ya *-ham* na *-ton* vizuri tu. Mwalimu, waambie wanafunzi wako waanze na vijiji vya kwao kabla ya kwenda Birmingham.

Mwalimu wa Njombe

Mama Salha shikamoo, na asanteni wote. Tabibu, hilo la "wa" limenikaa. Gooner, hiyo ya ramani naifanya kazi ya vikundi.

Mama, nina mawili kabla hujachoka nami. Kwanza *-less*. Wanafunzi wangu wanaitafsiri "pungufu", kwa hiyo *priceless* wananiandikia "bei ya chini". Pili *-able* na *-ible*, hapo naona wanapiga ramli tu. Je, kuna njia?

Mama Salha, Tanga

Marahaba, wanangu. Tabibu, Mungu akubariki kwa kumketisha yule mama.

*-less*: waliokosea wamefuata macho, maana neno *less* la "pungufu" linaandikwa hivyo hivyo. Lakini ni maneno mawili tofauti. La pungufu lilikuwa *lǣs*. Kiambishi kilikuwa *lēas*, maana yake bila, kukosa, kuwa mbali na kitu, na ukoo wake ni *loose* na *lose*, kulegea na kupoteza. Mjerumani anaandika *-los* mpaka leo: *arbeitslos*, asiye na kazi. Kwa hiyo *priceless* ni kitu kisicho na bei, kisichokadirika thamani. *Homeless* ni asiye na makazi kabisa. Nimewahi kuletewa mkataba uliofasiriwa na mtu mwingine, *harmless* ikawa "yenye madhara kidogo". Mwenye kiwanda na mwenye shamba jirani walikuwa wanaelekea kugombana kwa ajili ya kiambishi kimoja. Fundisha *-less* ni "-sio na", na usiruhusu tafsiri nyingine darasani kwako.

Ukiwa hapo hapo, wagusie *-ly*. Hii ilikuwa *līc*, maana yake mwili, na kutoka mwili ikawa sura, mfano. *Frēondlīc* ni mwenye sura ya rafiki. Neno *like* ni ndugu yake. Makanisa ya zamani ya Uingereza yana lango lenye paa penye kuingilia makaburini, linaitwa *lychgate*; hapo ndipo jeneza lilipopumzishwa likimngoja padri. *Lych* hiyo ni mwili, wa maiti. Kila anayeandika *kindly* mwishoni mwa barua ameandika neno hilo bila kulijua.

Sasa *-able*. Haya si ya kina *hād* na *dōm*. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa zaidi ya miaka 200 Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na wenye mali. Hadi mwaka 1362 ndipo sheria ilipoagiza kesi zizungumzwe kwa Kiingereza. Kwa muda wote huo maneno yaliingia na viambishi vyake: *-ment*, *-tion*, *-ity*, *-age*, *-ance*, *-able*. Ndiyo maana ukifungua sheria yoyote ya Kiingereza unakuta *judgment*, *payment*, *inheritance*, *possession*. Kwenye meza yangu nakutana nayo yote kabla ya chai ya saa nne.

Mwanzoni viambishi hivyo vilikaa na maneno ya kwao tu. Kisha watu wakaanza kuvichanganya. *Readable* ni Kiingereza cha kale na mwisho wa Kifaransa. *Beautiful* kinyume chake, Kifaransa mbele na Kiingereza nyuma. *Goddess* ina mungu wa Kiingereza na mkia uliotoka Ugiriki, ukapita Kilatini, ukapita Ufaransa. Mwanafunzi wa Kiswahili asishangae, maana uhuru wetu wenyewe ni u- ya Kibantu juu ya neno la Kiarabu. Na usafirishaji? Safiri ya Mwarabu, mengine yote ya mbele na ya nyuma ni yetu. Lugha ikishazoea kiambishi haikiulizi tena pasi ya kusafiria.

Njia ya *-able* na *-ible* ipo. Kwa Kilatini zilikuwa *-abilis* na *-ibilis*, zikifuata aina ya kitenzi. Kiingereza kilipokea zote mbili, lakini *-able* peke yake ndiyo iliyobaki inazaa. Neno lolote jipya litachukua *-able*: *downloadable*, *washable*, *chargeable*. *-ible* imefungwa ndani ya maneno yaliyokuja yameshaiva kutoka Kilatini. Basi mwambie mwanafunzi aondoe kiambishi aangalie kinachobaki. *Drink*, *read*, *wash*, *accept*: hilo ni neno kamili, aandike *-able*. *Vis-*, *ed-*, *aud-*, *poss-*: hilo haliwezi kusimama peke yake, aandike *-ible*. Yapo yanayokaidi upande huu, kama *accessible*, *flexible*, *convertible* na *sensible*, na upande wa pili kuna *probable* na *capable*. Hayo abandike ukutani. Na kwa maana, mwambie ni -ika na -eka zetu: *readable*, inasomeka, *edible*, inalika.

Hukuuliza *-er*, lakini kwa sababu una binti wa kuuliza maswali darasani atafika huko. *-er* ni mtendaji, sawa na -ji yetu. Kulikuwa na mwenzake wa kike, *-estre*. Mwokaji wa kiume *bæcere*, wa kike *bæcestre*. Mfumaji wa kike *webbestre*. Ndiko yalikotoka majina ya koo Baxter na Webster. Baada ya muda watu wakasahau kuwa ilikuwa ya wanawake, wakaitumia kwa yeyote: *youngster*, *gangster*. Neno moja tu lilibaki la kike mpaka mwisho, *spinster*, mwanamke anayesokota nyuzi. Wanawake wengi wasioolewa walijipatia riziki kwa kusokota, hivyo kuanzia karne ya 17 likawa neno la kisheria la mwanamke asiyeolewa, hata kama hajawahi kushika uzi. Uingereza walikuwa wakiliandika kwenye vyeti vya ndoa hadi mwaka 2005, ndipo wakaliondoa. Mimi bado naletewa vyeti vya zamani vyenye neno hilo, na kila mara naandika "hajaolewa", kwa sababu ndicho karani alichokuwa anathibitisha.

Tabibu wa Dodoma

Mama, na *-or* je? *Doctor*, *actor*?

Mama Salha, Tanga

Hiyo ni mtendaji wa Kilatini, haina uhusiano na *-er* kwa asili ingawa zinatamkwa sawa. *Docere* ni kufundisha. *Doctor* kwa Kilatini ni mwalimu.